Jina la Émérance Kwenye Seva

Kama kuna mtu pale Kasongo aliyeipenda ile seva kuliko Émérance, mimi simjui. Hata Gédéon, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa akilipwa kuitunza, hakuipenda hivyo. Kila Jumamosi Émérance akitoka sokoni kuuza sabuni yake ya mawese, alipita Kituo cha Tusikilizane, beseni tupu kichwani na nguo nyeusi za kilio mwilini, na kabla hajamsalimia mtu aliuliza: "Mashine iko muzima?"

Mashine yenyewe haikuwa na lolote la kupendeza. Ni sanduku jeusi lililowekwa chumba cha nyuma, feni ikilia mchana kutwa, likila umeme wa jua. Lakini ndani yake mlikuwa na orodha ya majina, na mtu ambaye jina lake limo humo aliweza kutuma ujumbe au sauti bure, kutoka Kasongo hadi Lusangi, hadi kule Salamabila kwenye dhahabu, popote kituo kilipokuwa kimesimamisha antena. Ambaye jina lake halimo, antena haimjui, hata angesimama chini yake akapiga kelele mpaka koo likauke.

Jina la Émérance lilikuwamo. Na la mumewe, Christophe, lilikuwamo. Huyo Christophe alikuwa mlimaji wa mpunga, mtu wa kicheko kikubwa. Walifunga ndoa kanisani wakamzaa Clovis, ambaye sasa yuko Kindu na familia yake. Alipoondoka kwenda Salamabila alisema anakwenda msimu mmoja tu. Msimu mmoja ukawa miaka. Mwanzoni alikuwa akirudi na vitenge na maneno matamu. Baadaye vitenge vikakoma, yakabaki maneno. Émérance hakulalamika. Wanawake wengi wa mtaa wao wana waume machimboni, na yeye angalau alikuwa na seva.

Sasa sikiliza shida ilipoanzia. Mama yao Émérance na Gédéon, Mama Mathilde, alifariki wakati barabara ya Salamabila haipitiki kwa vita na matope. Christophe hakuja kuzika. Akasamehewa, maana kila mtu alijua hali ya njia. Lakini kwa ukoo wao matanga hayamalizwi bila mkwe. Mkwe ndiye analeta mbuzi, na ndiye anayekunja mkeka wa mwisho, ule waliolalia watoto wa marehemu usiku wa kilio. Mkeka usipokunjwa, binti wa marehemu havui nyeusi. Kwa hiyo Émérance alikuwa akivaa nyeusi na kungoja, na kila Jumamosi alimwandikia mumewe swali lile lile: unakuja lini tumalize matanga ya Mama? Naye Christophe alijibu: "Niko karibu kuja, Mama Clovis. Mbuzi nimekwisha kuiona."

Ile mbuzi iliyoonwa nadhani ilizeeka ikingoja.

Mwaka uliofuata seva ikajaa. Wafadhili walioileta walikuwa wamelipia ruhusa ya majina mia tano, wakapiga picha na sisi, wakaenda zao wakifurahi. Watu wa Kasongo na Kabambare si mia tano tu. Siku Gédéon alipojaribu kuingiza jina moja zaidi, mashine ilimwambia imejaa, na haikutaka maelezo. Kuongeza nafasi ni kununua ruhusa mpya Ulaya, na kituo hakikuwa na uwezo huo. Jean-Marie, mwenyekiti wa kituo, mwalimu mstaafu anayependa kila kitu kiende kwa utaratibu, akaitisha mkutano.

"Kila nyumba itabaki na majina mawili," alisema Jean-Marie. "Na waliokufa, tutawatoa. Wafu hawatumi message."

Watu wakacheka, wakakubali. Émérance peke yake ndiye aliyesimama.

"Papa Mwenyekiti, heshima yako naiweka mbele," alisema. "Lakini Mama yangu hawezi kutoka mule wakati mukeka yake ingali chini. Mutu wa kilio hafutwe. Mukimutoa leo, ni kama mumemumaliza bila sisi."

Wamama wa nyuma wakapiga makofi. Wapo waliokuwa na wafu wao pia, mikeka yao pia ilikuwa chini. Ukienda mahali pengine ukawaambia watu kwamba kuna mashine inayowatunzia marehemu nafasi mpaka matanga yaishe, watakucheka. Kwetu ilipita bila hata mtu mmoja kupinga. Marehemu anayeliliwa bado, abaki.

"Basi mutu mupya atapata nafasi wapi?" aliuliza Jean-Marie, amechoka.

"Kwa nafasi ya yule nyumba yake itamutoa," alijibu mtu. "Mukubwa wa nyumba aamue."

Hilo nalo likapita. Émérance naye aliinua mkono kulikubali, akili yake yote iko kwa mama yake. Alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kifua mbele.

Haikupita muda mrefu. Jumamosi moja aliingiza neno lake la siri, mashine ikakataa. Akaliingiza tena, polepole, kidole kimoja kimoja. Ikakataa.

"Serveur iko mugonjwa, yaya," alisema Gédéon bila kuinua macho; yaya ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa. "Nitaitengeneza. Message yako uniambie mimi, nitaituma kwa njia ingine."

Angeshuku nini? Gédéon alizaliwa wakati mama yao ni mgonjwa wa kitandani, na mgongo uliomlea ulikuwa wa Émérance, msichana ambaye hata yeye mwenyewe hajakomaa. Sabuni yake ndiyo iliyompeleka Gédéon Kindu kujifunza kompyuta. Kwa hiyo alimwambia ujumbe wake kwa mdomo, akarudi Jumamosi nyingine kuchukua jibu, akamletea na sombe ya majani ya muhogo kwenye bakuli lenye kifuniko, maana mtu anayehangaika na mashine mgonjwa hapati muda wa kula.

"Shemeji anakusalimia," alisema Gédéon, akila. "Anasema iko karibu kuja. Mbuzi iko tayari."

Na Émérance akaenda nyumbani na salamu hiyo, akaiweka moyoni, akalala nayo. Ikawa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Sombe ikienda, salamu zikirudi.

Siku iliyovunja mambo, Gédéon alikuwa amekwenda Lusangi kuinua antena iliyoangushwa na upepo. Émérance alipita kituoni kwa mazoea tu. Akamkuta Nadine, jirani yake anayeuza mandazi, amekaa mbele ya kompyuta ya wageni anamcheka kaka yake wa Salamabila aliyemtumia sauti.

"Kumbe imepona?" alisema Émérance, na furaha ikampanda mpaka akaweka beseni chini.

"Nini imepona?"

"Si serveur. Iko mugonjwa tangu zamani."

Nadine akamtazama. "Mama Clovis, mimi naongea hapa kila siku. Haijagonjwa hata siku moja. Kuja, tukutafutie bwana yako."

Nadine hakuwa na ubaya wowote. Alifungua tu ile orodha ya seva, ambayo imepangwa kwa nyumba, akaandika jina la Christophe. Nyumba ya Christophe ikafunguka. Ilikuwa na majina mawili, kama sheria ilivyotaka. Christophe, mume. Soraya, mke.

"Soraya ni nani?" aliuliza Nadine, bado anatabasamu. Kisha akasoma neno lililofuata, na tabasamu likamtoka. "Mama Clovis. Kaa chini kwanza."

Émérance hakukaa. Alisoma tena na tena, kana kwamba jina lake lingeweza kuwa limejificha nyuma ya lile lingine. Halikuwapo. Akamwomba Nadine, kwa sauti ya kawaida kabisa, atafute Mathilde. Mama Mathilde alikuwapo, kwenye nyumba yake, mahali pake, hakuna aliyemgusa.

Gédéon aliporudi alasiri, matope yamemfika magotini, alimkuta dada yake ameketi kwenye kizingiti cha kituo. Hakuhitaji kuambiwa. Alizima pikipiki, akabaki amesimama na helmeti mkononi.

"Serveur imepona?" aliuliza Émérance.

"Yaya..."

"Nimeuliza, imepona?"

"Shemeji ndiye alituma neno," alisema Gédéon. "Alisema ule mwanamuke iko na mimba, hawezi kuachwa bila konti, bila jina ndani ya serveur. Na nyumba ni majina mawili. Yeye ndiye mukubwa wa nyumba. Sheria ni yenu, yaya, mulipitisha wote."

"Na juu ya nini hukuniambia?"

"Alisema atakuja kukuambia mwenyewe. Nilingoja. Sikutaka ulie mara mbili, Mama na bwana."

"Na zile salamu? 'Niko karibu kuja, mbuzi iko tayari.' Nani alizisema?"

Gédéon akaangalia helmeti yake.

"Nani, Gédéon?"

"Ni mimi, yaya."

Nitasema wazi jinsi ilivyokuwa, maana Émérance mwenyewe hakuficha. La Christophe lilimuuma, lakini lilimuuma mahali palipokuwa pameshaanza kuuma siku nyingi. Mwanamke ambaye mume wake yuko machimboni hujua bila kujua. La Gédéon lilimkuta hajajikinga. Kila salamu aliyolala nayo ilikuwa imepikwa na mtoto aliyembeba mgongoni, akiwa na sombe yake mdomoni.

"Ulitoa mwenye kuishi," alisema, "ukaacha mwenye kufa."

Na Gédéon, kwa aibu, akasema neno ambalo asingelisema kama angekuwa na akili timamu: "Wewe ndiye ulikataza Mama asitoke. Angetoka, nafasi ingekuwa kwa nyumba yake, ningeweka ule mwanamuke pale. Hakuna mutu angekugusa."

Lilikuwa kweli, na ukweli wake ndio uliomfanya Émérance asimame aende. Angemwachia mama yake atoke siku ile, Soraya angeingia pale kimya kimya, naye angeendelea kuandika kila Jumamosi unakuja lini, na kujibiwa. Alilia njia nzima, beseni mkononi. Hakujali nani anamwona.

Matanga aliyamaliza bila mkwe. Wajomba walinung'unika sana. Mkeka ukunjwe na nani? Gédéon alinunua mbuzi, akamleta mwenyewe kwa kamba, akitumaini dada yake atamtazama. Mbuzi alipokewa, kwa sababu wageni lazima wale. Lakini ulipofika wakati wa mkeka na wazee wakabaki wanatazamana, Émérance alipiga magoti, akaukunja peke yake, akaufunga kwa kipande cha nguo yake nyeusi.

Siku iliyofuata alikwenda kituoni amevaa kitenge cha manjano. Watu walimpongeza kwa kuvua kilio. Alipita moja kwa moja hadi kwa Gédéon.

"Mama amekwisha," alisema. "Mutoe."

Gédéon akamtoa. Alilisoma jina mara moja kabla ya kulifuta, maana alikuwa mama yake pia. Mashine ikaonyesha kwamba kuna nafasi moja.

"Sasa uniweke mimi."

"Kwa nyumba ya nani, yaya?" Seva haikubali jina lisilo na nyumba.

"Ya Mama Mathilde. Mimi ndiye mukubwa wake."

Akaandika. Jina la Émérance likarudi ndani, likakaa pale alipokuwa mama yake. Gédéon akasogeza kiti chake karibu, akateremsha sauti. "Yaya, Christophe naweza kumutoa. Sasa hivi. Hakuna mutu atajua."

Émérance akauliza: "Ile siku ulinitoa mimi pia ulisema vile, hakuna mutu atajua?"

Gédéon akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Umuache. Nataka asome."

Akavuta kibodi, akaandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja: Matanga ya Mama tumemaliza. Mkeka nimeukunja mimi. Mbuzi yako ubaki nayo, mlishe mwanamke wako. Usinijibu kwa mdomo wa mtu. Akabonyeza, ujumbe ukaondoka kuelekea Salamabila.

Wakangoja. Feni ililia chumba cha nyuma. Kisha mashine ikalia kidogo, kama inavyolia jibu likifika, na jina la Christophe likawaka juu ya kioo.

Kabla hajalisoma jibu, Émérance aligeuka kuangalia mikono ya mdogo wake iko wapi, isije jibu hilo nalo likawa lake.