Maji Meusi ya Mtama

Jumatano, tarehe 12 Novemba. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika kidogo saa nne, kisha ikaanza tena.

Asubuhi nimekuta karai letu la chuma, lile lililoshika kutu, limejaa maji meusi kama wino. Mke wa mjukuu wangu alikuwa ameloweka humo mtama mwekundu wa kuku pamoja na maganda ya ndizi mbivu. Nikainama, nikanusa. Harufu ya msumari uliolowa. Nikakaa palepale kwenye kigoda. Harufu hiyo niliwahi kuinusa utotoni, kwetu Buhembe, enzi za Mwingereza. Na mtama huu wa leo haujaona moto.

Nieleze taratibu. Shule yangu iliishia darasa la nne na mambo hunichanganyikia.

Baba yetu, ambaye sisi tulimwita tata, alikuwa na mtumbwi wa pombe. Si wa ziwani. Ni gogo lililochongwa tumbo, ambamo wanaume hukanyaga ndizi mbivu pamoja na majani makavu hadi zitoe maji. Maji yale hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa kwa majani ya mgomba, yakachacha, ndiyo lubisi hiyo. Babu ndiye aliyeuchonga. Hata ukiwa mtupu, ukipita karibu nao ulikupiga na harufu tamu yenye ukali kidogo, mpaka mate yakakujaa. Ndizi zilikuwa kazi ya wanaume, mtama kazi ya mama, na mimi nilikuwa mkorogaji wake.

Mwaka ule kaka yangu Projesti alichumbia msichana wa Muleba aitwaye Adelina. Ukoo wa Adelina ni mkubwa, na lubisi iliyotakiwa ilikuwa nyingi kuliko mtumbwi wetu ulivyoweza kutoa. Tena ulikuwa umepasuka ubavuni, unavuja. Sitaki kumwonea tata: mtumbwi ulikuwa umechoka kweli. Alikwenda mjini akarudi na pipa la chuma ambalo fundi alilipasua kwa urefu na kulikunja makali. Alilisugua kwa mchanga na majivu mpaka likang'aa, ukaweza kujiona meno. Jirani yetu Laureani akaja kulitazama.

"Waitu, ndugu yangu, hapo utakanyaga ndizi au utachemsha lami?"

"Cheka tu. Utakuja kuliazima."

"Na ule wa mzee?"

"Kuni."

Akachukua shoka siku ileile. Mama alikuwa mlangoni na ungo mkononi. "Baba Projesti, ungengoja tuonje kwanza."

"Tuonje nini? Ndizi ni zilezile, miguu ni ileile."

Tukamcheka Laureani sote mbele ya macho yake, hata mama alitabasamu. Lazima niseme hivyo, ilikuwa siku ya furaha.

Mtama tuliukaanga juu ya kigae kipana. Nakumbuka punje zilivyoruka kama panzi, na mama akinihimiza, "Koroga, usiuache ulale." Ulipogeuka kahawia aliuepua. Niliuonja, ukawa mtamu. Wanaume wakakanyaga huku wakiimba, wakalalamika kwamba chuma ni baridi nyayoni. Baada ya siku mbili tata akafunua majani ya mgomba, akachota kwa kibuyu kidogo. Lubisi ya mtama huwa na rangi ya udongo. Ile ilikuwa nyeusi.

"Mama Projesti, umeunguza mtama."

"Sikuunguza."

"Basi weusi huu umetoka wapi?"

Nikasema mimi, "Haukuungua, tata." Akaniambia mtoto hajui kitu. Labda alisema kweli. Tangu hapo nimeukaanga mtama ule kichwani mara nyingi sana, na kuna siku nauona umeungua.

Wakwe walikuwa wanangoja, ndizi nyingine zilizoiva hatukuwa nazo. Tata akasema pombe hunyonywa kwa mrija, hakuna atakayeona rangi. Wakaipakia kwenye lori. Yaliyotokea Muleba sikuyaona, nasimulia kama Projesti alivyotusimulia. Baba yake Adelina alitia mrija kwenye kibuyu, akavuta, akaona ladha ya chuma. Akaimwaga kidogo chini mbele ya watu wote.

"Waitu, hii mmeleta ya arusi au ya matanga?"

Hawakufukuzwa, nimtendee haki mzee yule. Aliwaambia warudi na lubisi inayonyweka. Lakini warudi nayo kutoka wapi? Laureani alikuwa na mtumbwi mzima, umbali wa kuitana tu. Projesti alimwomba tata hata kwa kupiga magoti, waende kuuazima. Tata alisema hawezi kwenda kuazima kwa Laureani baada ya maneno yale. Akangoja ndizi nyingine ziive, akangoja tena, mpaka habari ikaja kwamba Adelina amepewa watu wengine. Projesti akavuka kwenda Uganda na hatukumwona tena.

Kijijini mama akabaki na jina: aliyeunguza arusi. Alilisikia kisimani na nje ya kanisa. Mwanzoni alikana. Baadaye akaacha kukana, na uzeeni nilimsikia akimwambia shangazi, "Ni kweli, niliuacha motoni." Alikufa akiamini hivyo. Leo nimetazama karai hili, nikaona ni chuma na mtama tu, basi. Hakuna aliyeunguza. Nami sina wa kumwambia: tata hayupo, mama hayupo, Projesti sijui alizikwa wapi. Maji yale nimeyamwaga mgombani.

Jioni ile lori liliporudi kutoka Muleba, tulikula ndizi na maharage. Zilipikwa kwa kuni za mtumbwi, na jiko zima likanukia lubisi nzuri, ileile ya zamani. Tata hakugusa chakula. Mama alitupakulia wote kwanza, kisha akala ndizi zilizobaki chini ya chungu, zile zilizoungua.