Hayo Ndiyo Uliyotaka Kusema?

Kwa miaka thelathini na moja Bi Nakala alikuwa akipiga taipu maneno ya watu wengine, na kama yupo mtu aliyechoshwa na maneno chini ya jua hili, basi ni yeye. Chumba chake kilikuwa ubavuni mwa mahakama: meza, viti viwili, mashine, na kabati la chuma. Jina hilo alibandikwa na makarani, kwa sababu hakuna barua iliyotoka mkononi mwake bila kuacha nakala kabatini. Za kuomba kazi, za kuacha kazi, za kuomba radhi, za rambirambi, zote zilikuwamo, na ukizisoma kumi umezisoma zote.

Alikuwa na desturi moja. Akimaliza kupiga, humsomea mteja barua kwa sauti, kisha huvua miwani na kuuliza, "Hayo ndiyo uliyotaka kusema?" Wateja husema ndiyo. Usoni mwao yeye huona kabisa kwamba siyo, lakini foleni ni ndefu na mgongo unauma, naye huikunja karatasi na kuita anayefuata. Mtu huja na jambo kubwa kama nyumba, akaondoka na ukurasa mmoja, na bado akashukuru. Mwanzoni hilo lilimsumbua. Siku hizi alikuwa akingoja tu saa ya kufunga.

Asubuhi hiyo aliingia fundi seremala mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Barua ya nini?"

"Mwenzangu wa karakana amekatwa vidole viwili na msumeno. Mimi ndiye niliyewasha swichi. Sikutazama."

Bi Nakala hakuhitaji kusikia zaidi. Vidole vyake vilikwishaanza: *Ninasikitika sana kwa ajali iliyokupata.* Akasoma, akavua miwani, akauliza swali lake.

"Siyo," fundi akasema. "Haikumpata. Nilimpatia mimi."

Bi Nakala akachomoa karatasi, akaweka nyingine. *Naomba radhi kwa uzembe wangu.*

"Siyo, Bi. Uzembe niliuandika kwenye taarifa ya kazini. Huyu ni rafiki yangu."

Kufikia karatasi ya sita Bi Nakala alikuwa amevimba kama hamira. "Fundi, mimi napiga taipu, sipigi ramli! Nitajie neno nikuandikie, watu wanangoja."

Fundi alitandaza mikono yake mezani, akaitazama. "Tatizo ninavyo vyote kumi. Kila nikishika nyundo naviona. Hilo unaliandikaje?"

Bi Nakala aliweka vidole kwenye mashine, navyo havikwenda popote. Alijaribu kichwani *majuto*, akajaribu *fadhaa*. Yalikuwa maneno mazuri, ila yalikuwa ya kila mtu, kama viatu vya dukani vilivyoshonwa bila kuujua mguu wako.

"Siwezi," akasema. Hakuwahi kumwambia mteja hivyo tangu aanze kazi.

"Basi nitaenda mwenyewe."

"Ukamwambie nini?"

"Sijui. Nitakaa."

"Na akikufukuza?"

"Nitakaa nje." Akaaga, akaacha vumbi la mbao kitini.

Bi Nakala hakuita anayefuata. Alikwenda kabatini, akavuta jalada la rambirambi, akatoa nakala ambayo kwa miaka miwili alikuwa akiipita kama asiyeiona. *Binti yangu mpendwa, nimepokea kwa mshtuko na masikitiko makubwa taarifa za msiba uliokupata.*

Taarifa! Alizipokea kwa nani, naye alikuwepo? Binti alikuwa amelala kwa dawa ya usingizi baada ya kupasuliwa, na mtoto, mjukuu wake wa kwanza, alifia mikononi mwake yeye Bi Nakala kabla hata hajakaushwa vizuri. Binti alizinduka kesho yake mchana, mtoto ameshazikwa. Bi Nakala alikaa kando ya kitanda siku tatu, mdomo umekataa kufunguka, kisha akakimbilia kazini. Mbele ya mashine vidole vikafanya vilichozoea. Hakumsomea mtu barua ile; aliituma tu. Tangu hapo salamu za binti zilipitia kwa mkwewe, na kwa kweli zilikuwa za mkwe mwenyewe. Mwanawe wa pekee alikuwa akimpotea hivihivi, na yeye alikuwa ameweka nakala.

Akafunga chumba saa sita mchana. Wateja walinung'unika, akawaacha wanung'unike.

Binti alikuwa barazani kwake, akishona. Alipomwona mama yake hakusalimu. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na karatasi iliyochakaa mikunjoni. Akaisoma yote kwa sauti ileile ya mama yake ya kazini, sauti aliyokulia akiisikia, mpaka *wako katika majonzi*. Kisha akasema, "Hayo ndiyo uliyotaka kusema?"

Bi Nakala alishika nguzo ya baraza.

"Siyo, mwanangu."

"Basi sema."

Akajaribu. *Pole* likamjia, akaliacha. *Nisamehe* likamjia, lilikuwa la kweli, lakini alikwishaliandika mara elfu kwa niaba ya watu. Akakaa chini sakafuni, wala hakufukuzwa.

"Nywele zake zilikuwa bado zimelowa," akasema mwishowe. "Nilitaka nimkaushe kwa upindo wa khanga yangu. Nesi akamchukua. Sikumaliza kumkausha. Ndicho ninachokiona kila siku, hicho tu."

Binti aliiweka barua chini.

"Alikuwa na nywele?"

Hakuna aliyewahi kumwambia binti hilo. Walimpa pole, walimwambia ni mipango ya Mungu, walimwandikia kurasa.

"Nyingi, mama. Mpaka hapa." Bi Nakala akagusa paji la uso wake kwa kidole.

Binti akatoka kwenye kiti chake, akaja kukaa sakafuni karibu naye.

"Nionyeshe tena," akasema.