Waya Usio na Shaba

Mume wangu mtaa mzima unamwita Kiungo, na si kwa ajili ya viungo vya mchuzi. Ni fundi redio wa zamani, na tangu nimjue, kwake ugonjwa wa kila chombo ni mmoja. Redio ikikoroma, kiungo kimechafuka. Pasi isipopata moto, kiungo kimelegea. Hata nilipougua mgongo mwaka ule wa mvua nyingi, daktari hajafungua kinywa, yeye kashasema, "Si nilikwambia? Kiungo." Siku hiyo tu ndiyo alipatia.

Nimeishi naye miaka mingi kuliko niliyoishi kwa wazazi wangu, na sijasahau kitu. Saa ya ukutani aliyotupa shangazi yangu siku ya harusi aliifungua fungate haijaisha, eti aone kama ndani mna kitu. Mlikuwa na kitu. Alipoifunga hakikuwamo tena. Lakini nisimvunjie heshima bure: enzi zake watu walisimama nje ya duka lake wakisubiri zamu, na redio aliyoifufua yeye haikufa mara ya pili. Watoto wetu wote wamesomeshwa na wembe wake wa kukwangulia nyaya. Kisha zikaja redio za bei rahisi, zikiharibika zinatupwa, naye akafunga duka akahamishia makorokoro yote sebuleni kwangu. Wanasema mstaafu anapumzika. Nani kasema? Mstaafu ni mwanamume yuleyule, ila sasa unaye mchana kutwa.

Binti yetu kitindamimba alikuwa amerudi nyumbani baada ya kampuni yao kufungwa. Alikaa bila kazi hadi akawa haongei mezani, anachezea chakula tu. Ndipo akapata kazi ya kujibu wateja wa kampuni ya kusafirisha vifurushi, humuhumu nyumbani, kwa mtandao wa faiba. Hedifoni kichwani, kompyuta mapajani, mlango umefungwa, "Habari za leo, nikusaidie nini?" mpaka jioni. Akaanza tena kucheka. Lakini alikuwa kwenye majaribio, na umeme ulishamkatikia mara mbili katikati ya simu. Msimamizi wake akamwambia waziwazi: "Ukipotea tena hewani saa za kazi, usijisumbue kurudi."

Basi likaja tangazo kwamba umeme utakatwa kutwa nzima, wanabadilisha nguzo. Binti akashika kichwa. Kiungo akafurahi kama mtu aliyealikwa harusini.

"Niachieni mimi," alisema.

Na kweli alijua anachofanya. Alitueleza kwamba vyombo ni viwili: kile kisanduku cheupe ukutani ambamo uzi wa faiba unaingilia, na ruta yenye pembe zake. Watu wengi huwasha yenye pembe peke yake, halafu wanashangaa mbona mtandao hauji. Vyote viwili, akasema, vinakula umeme mdogo ambao betri ya gari inautoa bila jasho. Akang'oa betri ya lile gari letu tunalofugia kuku uani, akaichaji, akaiweka juu ya meza yangu ya kulia chakula. Juu ya kitambaa nilichokidarizi kwa mkono. Niliposema, akajibu, "Kitambaa na kazi ya mtoto, kipi kitangulie?"

Asubuhi friji likashusha pumzi, nyumba ikawa kimya. Taa za kijani kwenye visanduku hazikupepesa. Nilipiga makofi, sitakataa. Kiungo akatembea sebuleni mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Mtu mwingine angeishia hapo.

Binti akatoka kuchota maji ya kunywa. "Sauti inakatikakatika kidogo," akasema, "lakini naenda nayo hivyohivyo." Akarudi chumbani.

Nikaona masikio ya mzee yamesimama.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Sauti inakatika."

"Mzee, kasema anaenda nayo."

"Sauti haikatiki bure, mama watoto. Kuna kiungo kimechafuka."

"Kaa chini."

"Dakika moja tu."

Dakika moja ya mwanamume huyu naijua. Lakini chungu kilikuwa kinafurika jikoni, nikakimbilia huko. Niliporudi nilimkuta amepiga magoti chini ya kisanduku cheupe. Uzi wa faiba alikuwa ameshaukata kwa wembe na kuumenya ncha, kama alivyofanya kwa kila waya maisha yake yote. Kisanduku kilikuwa kimewasha taa nyekundu.

"Wametuibia," akasema.

"Nani?"

"Hawa watu wa mtandao. Tazama! Waya hauna shaba!" Akauinua dirishani. Ndani mlikuwa na unywele mmoja, mwembamba kama mvi yangu. "Hiki ni kioo, mama watoto. Tumeuziwa kioo."

"Na kilikuwa kinafanya kazi!"

"Haiwezekani."

"Ilikuwa inawezekana mpaka ulipoinuka kwenye kiti!"

Binti akatoka, hedifoni shingoni. "Nani amegusa?"

Akauona wembe.

"Baba."

"Nilikuwa nasafisha kiungo."

Angepiga kelele ningefurahi. Hakupiga. Alikaa sakafuni palepale, akatoa simu. Umeme ukikatika mtandao wa simu nao hujaa watu, wala hauwezi kubeba kazi yake, lakini ujumbe mmoja ulipenya baada ya kuhangaika. "Nimewaambia nimeanza mapumziko ya mchana," akasema. "Yakiisha sipo hewani, basi tena." Akawapigia watu wa faiba. Fundi wao angekuja kesho. Kesho ya watu hao tunaijua.

"Msusi ana faiba kama hii," nikasema. Huyo ni jirani yetu wa ukuta mmoja, mwenye saluni.

"Hana umeme," akasema binti.

"Betri si tunayo?"

"Mimi kwa yule mwanamke siendi," akasema Kiungo. Alipomtengenezea draya ya nywele, ilitoa moshi, naye Msusi akautangazia mtaa kwamba fundi ameiua.

"Wewe hujaombwa kwenda. Imeombwa betri."

Akaipapasa betri. "Na nani ataiunga?" Kisha akatoka kutafuta toroli.

Msusi alikuwa kibarazani anasuka mteja, wengine wawili wakingoja zamu. Alipotuona, mzee anasukuma na mimi nimeshikilia betri isianguke, binti nyuma na kompyuta yake, alishusha kitana.

"Heee! Kiungo mwenyewe! Umekuja kumalizia draya iliyobaki?"

Wateja wakaangua kicheko. Mzee akatazama gurudumu. Mimi si mtu wa kuombaomba, nilifundishwa kukaa na njaa yangu kimya, lakini nikasema: "Jirani, kazi ya mtoto inaponyoka. Tunaomba kisanduku chako cha mtandao. Umeme tumekuja nao."

Kicheko kikamtoka usoni. "Sasa si mngesema toka mlangoni! Ingieni, ingieni."

Kiungo akapiga magoti, akaunga nyaya za betri kwenye visanduku viwili. Halafu jicho lake likapanda taratibu kwenye ule uzi mwembamba ukutani.

"Baba!"

"Nautazama tu."

"Utazame kwa macho," akasema Msusi, "mikono tuione."

Taa zikawa nyekundu, zikapepesa, zikawa kijani. Binti akaingia stoo, akakaa katikati ya mifuko ya nywele za bandia. Tukasikia, "Habari za leo, nikusaidie nini?" Mapumziko yalikuwa hayajaisha.

Sasa fikiria saluni ya wanawake wasioruhusiwa kusema. Mchana kutwa Msusi alisuka akiongea kwa nyusi. Kulikuwa na habari ya mke wa mwenye duka iliyoishia katikati, nayo ilitutesa sote. Mwanamke mmoja aliingia na chaja, akanong'ona, "Fundi, nichajie kidogo tu." Kiungo akatikisa kichwa. Alimwonyesha mlango kwa kidole, akarudisha mkono juu ya betri kama mtu aliyeshika mtoto mwenye homa.

Jioni binti akatoka stoo na simu mkononi. Msimamizi ameandika: majaribio yamekwisha, aendelee na kazi, ila apunguze kelele za nyuma. Kelele! Wanawake wale waliachia yote waliyoyabana tangu mchana, na habari ya mke wa mwenye duka ikaisha kwa vigelegele.

"Nilisema betri itatufikisha jioni," akasema Kiungo.

Nilitafuta kitu cha kumtupia. Kabla sijakipata, aliinama akaanza kukunja nyaya zake, na bila kumtazama mtu akasema: "Nilikata bila kukuuliza."

Katika ndoa yetu yote sijawahi kusikia neno la karibu na hilo. Nikangoja binti aseme si kitu, kama watoto wanavyowaambia baba zao.

"Ulikata, baba," akasema. "Nitafanyia kazi hapa mpaka fundi wao aje. Kiti changu utanibebea wewe, asubuhi na jioni."

"Sawa," akajibu, akashika toroli.