Mwalimu Pitia na Mamba Asiye na Meno

Enzi zetu sisi watoto wa Juba ya vita, masikio yalisoma kabla ya macho. Hatukujua kusoma saa, lakini tulijua ndege ya chakula inavyonguruma ikishuka, na ya wanajeshi inavyokohoa. Na kombora likitoka ng'ambo ya mto, hukungoja kuambiwa. Ulikuwa umeshaingia handakini, na asida, ugali wetu, umeishika mkononi. Mama yangu alikuwa akisema, "Anayeuliza limeangukia wapi ni yule aliyebaki nje."

Kiswahili hiki ninachowaandikia nimekiokota ukimbizini Uganda. Siku zile tuliongea Kibari nyumbani na Kiarabu cha Juba barabarani, na tulicheka kwa lugha zote mbili. Maana tulicheka, msije mkadhani tulikuwa tukilia tu kutwa. Mpira wetu ulikuwa matambara yaliyofungwa kwa kamba ya gunia la msaada. Shuleni tulikalia makopo ya mafuta ya kupikia, na ukisimama kujibu swali, kopo lilipiga kelele kuliko wewe. Tulikula mtama mpaka tukaota mtama. Siku mama akipata kajaik, yule samaki mkavu, akampika kwa bamia na karanga, harufu iliita majirani kabla hatujanawa mikono, na hakuna aliyefukuzwa.

Handaki letu lilichimbwa katikati ya nyumba tano, nyuma ya jiko la Mama Poni. Poni alikuwa rafiki yangu wa kopo moja shuleni, msichana mwembamba mwenye maswali mengi. Na humo handakini ndimo tulimopata utajiri wetu: Mwalimu Pitia.

Alikuwa jirani yetu, mwalimu aliyeachishwa kazi, hana mke wala mtoto. Mfupi, na sauti yake nene hata ukashangaa inakaa wapi. Makombora yakianza, watu wazima walisali. Yeye alitukusanya watoto, akasema kana kwamba anaendeleza mazungumzo ya jana: "Basi, Bibi Tumsa alipoamka asubuhi hiyo..."

Bibi Tumsa alikuwa mamba kizee asiye na jino hata moja, malkia wa mji ulio chini ya mto Nile. Huko taa zilikuwa samaki, na askari walikuwa vyura wanaolala kazini. Kwa kuwa hawezi kutafuna, alikula uji wa karanga tu, na mtu akimletea karanga alimpenda milele. Nyumbani kwake alikuwa na maghala makubwa. Kila kilichopotea Juba tangu vita vianze kilikuwa humo: mbuzi, viatu vya mguu mmoja, kengele za shule, hata nyimbo ambazo watu wamezisahau. Tulikuwa tukiulizia vitu vyetu. "Mwalimu, na baiskeli ya mjomba ipo?" Naye alijibu bila kusita, "Ipo. Lakini Bibi Tumsa anajifunza kuiendesha, mkia unamsumbua." Nje ardhi inatikisika, na sisi tunacheka mpaka mama zetu wanatukaripia kwa kuwaharibia sala.

Baba yake Poni alikwenda kukata kuni upande wa Jebel, kule mlimani, na hakurudi. Watu wengi hawakurudi siku zile. Mjini hakukuwa na mkaa, nje ya mji kulikuwa na mabomu ya ardhini na watu wenye bunduki, na watoto lazima wale. Mama Poni hakulia mbele yetu. Alimwambia mwanawe baba amechelewa, akaendelea kusema hivyo hivyo mpaka mvua zikaanza.

Mchana mmoja makombora yalianza tukiwa tumetoka shule. Tuliingia handakini, Mama Poni akahesabu vichwa, akahesabu tena, kisha akapiga ukelele. Poni hayupo. Mimi nilijua. Njiani aliniambia amechukua karanga zilizosagwa za mama yake, anampelekea Bibi Tumsa mtoni ili amrudishie baba. Nilimwona ana akili sana. Nikajuta tu kwamba mimi sikuwa na kitu kikubwa hivyo cha kudai.

Nilipolisema hilo, nyuso zote zilimgeukia Mwalimu Pitia. Alipanda ngazi ya udongo akatoka, na mwanamume mmoja alimshika shati likabaki limechanika mkononi mwake.

Hatukusikia hadithi siku hiyo. Tulisikia tu vishindo, na Mama Poni akitaja jina la mtoto wake polepole, kama anayembembeleza. Sijui ulipita muda gani. Mwanga wa mlango wa handaki ulipozibwa, alikuwa Mwalimu, Poni yuko mgongoni kwake, wote wawili wameloa. Alimkuta ndani ya maji, ameinua bakuli, anaita.

Mama Poni alimkumbatia mwanawe, akampiga, akamkumbatia tena. Kisha akamgeukia Mwalimu. "Unawalisha nini watoto wetu wewe? Baba yake hajarudi, mimi sina hata kaburi la kumwonyesha, na wewe unamwambia yuko mtoni?"

"Malesh, Mama Poni," alisema. Samahani. "Malesh."

Poni akauliza, meno yakigongana kwa baridi, "Mwalimu, Bibi Tumsa ni kweli au ni uongo?"

Najua sasa kwamba watu wazima wengi walitamani amdanganye. Mwalimu Pitia alichuchumaa mbele yake. "Ni hadithi," akasema. "Nimeitunga mimi. Hakuna mji chini ya mto. Baba yako, sijui yuko wapi. Hakuna anayejua."

Ndipo Mama Poni mwenyewe akalia mbele yetu. Poni hakulia. Alimpa Mwalimu kisogo.

Baada ya siku hiyo, handaki likawa shimo tu. Mwalimu aliingia, akakaa pembeni, akatazama magoti yake. Watoto wengine tulimwomba, akatikisa kichwa. Poni hakumsalimu hata barabarani, naye hakumlazimisha. Mwalimu alisimama kando ampishe kama anavyompisha mtu mzima. Tulianza kuyasikia makombora yote, moja moja. Sikuwahi kujua ni mengi hivyo.

Kisha siku moja, wakati vumbi linatuangukia vichwani na mdogo wangu anatetemeka mapajani mwangu, sauti nyembamba ikasema, "Mwalimu, yule Bibi Tumsa alishajua kuendesha baiskeli?"

Alikuwa Poni. Mwalimu Pitia aliinua macho kutoka magotini. "Si nimekuambia ni uongo?"

"Najua. Lakini alishajua?"

Mwalimu akasogea katikati yetu. "Alijua," akasema, "lakini kusimama ndiyo kazi." Na Mama Poni, katikati ya sala yake, nilimsikia akicheka kwa pua.

Tulitawanyika baadaye kama mtama uliomwagika. Sisi tulifika Uganda, Poni na mama yake walitufuata. Mwalimu naye alifika kambini, na huko ndiko alikoandika vitabu vya Bibi Tumsa ambavyo vilisomwa na watoto wasioijua Juba hata kwa picha. Alifia huko. Sisi tulirudi, yeye hakuwahi kuvuka daraja la Nile kuingia Juba tena.

Mwaka huu wamemsimamishia sanamu, si mbali na soko la Konyo Konyo, ninakouzia vitambaa. Nilikwenda kuitazama kabla haijafunuliwa rasmi. Mtu mrefu, suti, kidevu juu. Nikamuuliza fundi, kijana aliyetoka Kampala, "Mwanangu, huyu ni nani?"

"Mama, mimi iko natengeneza vile walinipa picha," akajibu kwa upole. "Suti iko kwa picha."

"Na urefu?"

"Urefu walisema niongeze. Mtu mkubwa hawezi kuwa mfupi."

Siku ya kufunua, vijana walijipiga picha nayo wakibishana ni jenerali wa upande gani. Mmoja alisema hapana, ni mwanamuziki. Sikuwalaumu, katika mji wetu, mtu wa shaba bila bunduki anashangaza. Poni alikuja kutoka Nesitu, ambako huwauzia madereva wa malori chai, amevaa lawo, shuka la kufunga begani, ya rangi ya machungwa. Wakubwa walihutubia mpaka jua likatuchoma visogo, kisha wakamwomba mmoja wa watoto waliosimuliwa na Mwalimu handakini aseme neno. Poni akasimama.

"Huyu alitudanganya vizuri," akasema. "Na nilipomuuliza, aliniambia ukweli. Baba yangu sijamwona mpaka leo. Lakini watu wazima wawili tu nimewaamini maishani, mama yangu na huyu." Akaketi. Hakuna aliyejua kama apige makofi.

Jioni nilirudi nyumbani Gumbo kwa boda boda. Wajukuu wangu wako vizuri, Mungu asifiwe. Kila mmoja ana kiatu cha kulia na cha kushoto, na simu yao ina hadithi nyingi kuliko alizotunga Mwalimu, zenye rangi na muziki, na wanaziruka kabla hazijaanza vizuri. Nikamwambia yule mkubwa, anayeniita haboba, yaani bibi, "Njoo, haboba wako akusimulie juu ya mamba mmoja."

"Ina dakika ngapi, Haboba?"

"Sijui," nikamwambia. "Sisi tulikuwa tukisikiliza mpaka makombora yakome."

Alicheka sana, akidhani namtania. Nikacheka naye. Nilimshukuru Mungu kwamba hajui, na moyo ukaniuma kidogo kwamba hajui.