Kinu Kimerudi Uani

Siku kinu chetu kiliporudi nyumbani, nilikibeba mwenyewe kutoka kwa jirani, nikicheka njia nzima hadi watu wakageuka kunitazama. Miezi mingi kilikaa kwake. Kila nilipotaka kupika sombe nilivuka barabara na majani yangu ya muhogo, nikatwanga huko. Mji mzima wa Kasongo wanatwangia nyumbani kwao, mimi peke yangu naazima ua!

Sababu ilikuwa mume wangu. Alikuwa askari upande wa Kabambare, akarudi na mikono yote na miguu yote, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti. Wiki ile ile nikaanza kutwanga. Mchi uligonga mara tatu tu, naye akaruka kutoka kitini, akamwangusha binti yetu na kumlalia juu. Alikuwa anamkinga na risasi ambazo hazikuwepo. Mtoto wa miaka saba angejuaje? Tangu siku hiyo hakumsogelea baba yake, na mimi nikahamisha kinu bila kusema neno. Nilijiona mwerevu sana.

Kisha mume wangu akaanza kusema anataka kwenda Lusangi kuchimba dhahabu, peke yake. Mfuko wake ulikuwa tayari nyuma ya mlango. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia kwanza tutaenda wote watatu kwa mama wa mazungumzo, mshauri anayekuja na pikipiki kwenye kituo cha afya kuketi na familia zilizopitia vita, la sivyo asile tena chakula changu.

Mara mbili tulienda tukarudi vilevile. Mara ya tatu mshauri akamwuliza mume wangu ni kitu gani kilibadilika nyumbani. Nilidhani atasema habari za vita.

"Bibi yangu aliondoa kinu mu nyumba," alisema. "Hakuniambia kitu. Nikawaza, sasa miye si mutu wa pale tena. Niko mugeni."

Jamani! Nililia mbele yao bila aibu.

"Miye nilikuwa nakuchunga!" nikamwambia.

"Ungeniuliza, mama," mume wangu akanijibu.

Mshauri hakumlaumu yeyote. Alieleza kwamba mwili wa mume wangu unashtuka kwa sababu haujui pigo litakuja lini. "Papa, ushike muchi weye mwenyewe," akasema. "Utapiga wakati unataka, utaacha wakati unataka."

Mume wangu akanitazama. Kwetu mwanaume hatwangi sombe. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

Ndivyo kinu kilivyorudi. Jirani alinifuata nyuma na kigoda chake, hakutaka kukosa kitu. Nilimwambia akae, lakini mdomo aufunge.

Mume wangu akapiga mara moja, akasimama. Jasho lilimtoka. Akavuta pumzi polepole kama alivyofundishwa na mshauri, akapiga tena. Nikauma ncha ya kitenge nisipige kelele. Majani yalirukaruka nje ya kinu, maana hakujua kutwanga hata kidogo.

Binti yetu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Ghafla akacheka.

"Papa, majani iko natoka inje! Haiko hivyo!"

Baba akaacha kutwanga. "Ni namna gani basi? Kuja unionyeshe."

Binti akasita. Nilidhani atakimbilia kwangu. Lakini akaenda, hatua moja, nyingine, akashika mchi chini ya mikono ya baba yake.

"Uhesabu weye," baba akamwambia, "nijue inashuka saa gani."

"Moja!" Mchi ukashuka. "Mbili!" Ukashuka tena, naye hakushtuka. Hapo niliachia kitenge, nikapiga vigelegele, na jirani naye akapiga.

Sombe ile ilikuwa na majani mazima mazima, mbaya kuliko zote nilizowahi kula, nami nilijiongezea sahani mara mbili. Kesho yake asubuhi nikatazama nyuma ya mlango. Mfuko wa Lusangi haukuwepo. Nilitoka mbio hadi uani, nikawakuta baba na binti wanarudi kutoka shambani na mfuko ule, umejaa majani ya muhogo.