Hakupita Mlangoni Kwangu

Shangazi yangu hamwamini mtu. Muuza maziwa akimwambia maziwa ni ya leo, anayanusa. Daktari akimwambia presha imeshuka, anaomba apimwe kwa mashine nyingine. Na mimi niliyelelewa naye tangu sijaota meno ya ukubwani, nikisema natoka kidogo, ananitazama kuanzia viatuni kwenda juu, halafu anauliza, "Kidogo mpaka wapi?"

Simlaumu sana, maana ndiyo kazi iliyomkuza. Ujana wake wote ulikwenda mlangoni mwa ukumbi wa dansi, akichana tiketi. Nusu unapewa wewe, nusu inaingia kwenye kopo lake. Ukitaka kutoka kupunga upepo, ni lazima uonyeshe nusu yako ndipo urudi, na kila aliyetoka alisikia maneno yale yale: "Ukiipoteza, hurudi ndani." Wazamiaji walimjaribu kwa kila mbinu. Kuna aliyejifanya mpiga ngoma, kuna aliyebeba kreti tupu la soda, na kuna bwana mmoja aliyekuja akilia kwamba mke wake yumo ndani na mwanaume mwingine. Shangazi akamwambia, "Basi msubiri hapa hapa, kutoka atatokea mlango huu huu." Watu wakampachika jina la Bi Tiketi, na limemganda mpaka leo, ingawa ukumbi wenyewe siku hizi ni ghala la saruji.

Kilichobaki kwake ni muziki wa enzi hizo. Tunakaa vyumba viwili, na cha mbele ndicho ninachosukia wateja wangu. Shangazi huweka redio yake ya kaseti dirishani, akatia kanda, akaanza kusimulia. Mwimbaji na koti lake jeupe, akipiga goti moja jukwaani. Mpiga tarumbeta aliyekuwa akifumba jicho moja kila akipandisha sauti. Wateja wangu nywele zimekwisha kusukwa, hawaondoki. Na kila siku masimulizi yaliishia pale pale, kwenye usiku wa giza.

Mji ulikuwa hauna umeme, ukumbi unaendeshwa kwa jenereta. Katikati ya ule wimbo wa taratibu ambao watu waliungoja tangu jioni, puu, kila kitu kikazimika. Taa, magita, vipaza sauti. Lakini bendi haikuacha. Tarumbeta zikaupokea wimbo, dramu ikashushwa, mwimbaji akaendelea na koo lake tupu, na ukumbi mzima ukaimba naye kwa sauti ya chini ili usimfunike. Mpaka mwisho. Leo nusu ya mji inajidai ilikuwepo usiku ule. Shangazi husikia hayo akaguna. "Wangekuwemo wote hao, kuta zingepasuka."

Sasa, mwaka jana pampu ya maji ya uani kwetu iliharibika, akaitwa fundi. Mtu mzima, mjane, mkimya, mikono mipana. Alikuwa amechutama na spana yake wimbo ule ulipoanza kutoka dirishani. Akaacha kazi. Akakaa chini, spana mapajani, mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Mimi nilikuwepo ulipopigwa gizani."

Shangazi machale yakamcheza pale pale, nilimwona. Hakumuuliza neno. Yeye tabia yake anakuachia kamba ndefu ujifunge mwenyewe.

Fundi akaanza kuja. Leo kaleta kanda ya bendi moja, kesho ya nyingine, anakunywa chai, wanasikiliza, wanabishana nani alikuwa hodari wa solo. Njiani akipita ilikuwa lazima aingie "kuitazama ile pampu". Sijapata kuona pampu nzima ikitazamwa namna ile. Hatimaye akamtuma dada yake kwa baba yangu, ambaye ndiye kaka wa shangazi, kuleta posa. Baba akafurahi. Mimi nikafurahi kumzidi, na nitasema wazi kwa nini: nilikuwa nimepata kazi saluni ya mji mwingine, na kila nikikunja nguo zangu nilimwona shangazi peke yake katika vyumba viwili, akizinusa chupa za maziwa, hana hata wa kumshuku. Nilikuwa naogopa, na nilitaka aseme ndiyo.

"Mtu mzuri," alisema nilipomuuliza. "Lakini mwongo."

"Kakudanganya nini, shangazi?"

"Anasema alikuwepo usiku ule. Hakupita mlangoni kwangu."

"Watu walikuwa mamia!"

"Na wote niliwatazama usoni." Akaanza kuchanachana karatasi ya sukari iliyokuwa mezani, kama afanyavyo akiudhika. "Mwanangu, mimi nilishaolewa na mtu ambaye sikumkagua. Akanambia hana mke mwingine. Huyu akinidanganya kwa wimbo, kwenye mengine nitapona?"

Hata mimi nikaanza kumtazama fundi kwa jicho la pembeni. Kweli, mbona kila tukizungumzia usiku ule husema maneno mawili matatu kisha akahamia kwenye chai? Mbona anajua nyimbo zote lakini hasimulii hata kituko kimoja cha jukwaani? Huyu ana lake jambo, nikajiambia.

Jumamosi moja alasiri shangazi akamwalika. Chai ikawekwa, mkate ukakatwa, redio ikazimwa. Hilo la redio peke yake lilitosha kumwambia mtu kwamba mambo si shwari.

"Fundi," shangazi akaanza, sauti laini kupita kiasi, "usiku ule wa giza, mwimbaji alivaa nini?"

"Nguo... nguo nzuri tu."

"Rangi?"

"Sikumbuki vizuri."

"Tarumbeta zilisimama kushoto au kulia?"

Fundi akaweka kikombe chini. "Sikuangalia sana."

"Pazia la nyuma lilichorwa nini?"

Fundi akakitazama kikombe chake. Nilitamani ningejificha chini ya meza. Shangazi akainuka, akatungua kofia ya fundi pale kwenye msumari, akaja kumwekea mapajani. "Ahsante kwa kanda zako. Usituletee mambo ya kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Mlango unaujua."

Fundi akaishika kofia lakini hakuinuka. "Bi Tiketi, nilisema nilikuwepo. Sikusema nilikuwa ndani."

"Haya, anaanza kukata kona."

"Nilikuwa nyuma ya ukumbi. Kwenye kibanda cha jenereta. Mimi ndiye niliyekuwa nikiiwasha na kuilinda. Naingilia geti la uani, natokea huko huko."

Shangazi akabaki amesimama. Nikamwona anampima upya.

"Kila wiki bendi inapiga," fundi akaendelea, "na mimi nasikia injini tu. Ngurumo, ngurumo, halafu makofi ya watu, halafu ngurumo. Wimbo ule nilikuwa nikiupenda kupitia redio. Siku hiyo nikajua wanauanza, kwa sababu watu walipiga kelele. Nikasema nisikie japo ubeti mmoja. Nikaizima."

"Ukazima nini?" nikauliza.

"Injini. Inipishe kidogo nisikie." Akakuna kisogo. "Nilikuwa kijana. Haikunijia akilini kwamba nikiizima, nazima na bendi."

Kicheko kilinishika nikakibana kwa kiganja. Fundi hakucheka.

"Nikaona giza, nikaona nimekwisha, nitafukuzwa. Nimeshika mkono wa kuwashia hivi, nataka kuuzungusha, nikazisikia tarumbeta. Kisha watu. Nikashindwa kuwasha mpaka wakamaliza. Nikawaambia mpira wa mafuta uliziba. Tangu siku hiyo naona aibu kuusimulia, maana wenzangu wanaelezea walichokiona, na mimi nilikuwa nimeukumbatia mkono wa jenereta."

Shangazi akarudi kuketi, taratibu. "Kumbe ni wewe," alisema. "Miaka yote nimemshuku mwenye ukumbi kwamba alibana mafuta. Mpaka anazikwa sikumsamehe."

"Nisamehe mimi basi. Lakini na mimi kuna kitu kinanisumbua, niulize?" Fundi alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza pampu ilianza lini kuvuja. "Wewe ulikuwa mlangoni, uso barabarani, ukumbi umeupa mgongo. Koti jeupe uliliona saa ngapi?"

Nilidhani shangazi atamjibu kwa kishindo. Badala yake akaokota makombo ya mkate mezani, moja moja.

"Sikuliona," akasema. "Nikiacha mlango, wanazamia. Sikupata kuona onyesho hata moja. Nilikuwa nawauliza wanaotoka."

"Hata la kufumba jicho moja?" nikaropoka.

"Hilo alinambia mama mmoja aliyekuwa akimtaka huyo wa tarumbeta."

Niliumia, sitaficha. Nimelelewa na lile koti, nimewasimulia wateja mpaka pindo lake. Hasira zikanipanda, halafu nikamtazama shangazi, mabega yamemshuka, nikamwona msichana amekaa kwenye stuli, anawazuia watu kuingia mahali ambapo yeye mwenyewe haingii. Hasira zikaishia hapo.

"Na kwangu ilikuwa hivyo hivyo," alimwambia fundi, si mimi. "Ngurumo na makofi. Mlango mzito ule. Usiku wa giza ndio peke yake niliousikia wimbo wote, hata mtu akikohoa nilimsikia. Na waliokuwa ndani hawakuona kitu. Walikuwa kama mimi." Akayakung'uta makombo kiganjani. "Nilitamani sana kujua ni nani aliyetufanyia vile."

Akainuka, akaingia chumbani. Nikasikia sanduku likifunguliwa. Fundi akanitazama, nikapandisha mabega. Kwa shangazi yangu huwezi kujua kinachokuja ni nini.

Akarudi na kopo lake la zamani, kutu imelizunguka mdomo, na tiketi moja nzima iliyopauka. Akasimama mbele ya fundi. Akamtazama kuanzia viatuni kwenda juu, bila haraka, na uso ule ule wa kutomwamini mtu. Kisha akaichana katikati. Nusu akaidondosha koponi. Nusu akampa.

"Ukiipoteza," akamwambia, "hurudi ndani."