Adapta Iliyobanduliwa Karatasi

Cheka ukitaka, lakini mimi nilikuwepo na akili zangu timamu. Ilikuwa Jumamosi jioni, Tunduma, ndani ya kanisa letu, jua likiwa bado dirishani.

Kesho yake kwaya ilikuwa inazindua kanda, na mimi, mwanamke peke yangu kati ya wapiga vyombo, ndiye niliyeshika gitaa la solo. Mwalimu wa kwaya, mzee Sichone, alikuwa ameniambia wazi: "Dada, spika zikikoroma tena kesho, solo linarudi kwa wanaume." Maana nilikuwa nikiwasha pedali zangu tatu za kubadilisha sauti kwa adapta ya redio, na spika zikanguruma kama lori kwenye foleni ya mpaka. Iliniuma sana. Nikaapa hawanitoi.

Basi mchana nilivuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta adapta ya kweli. Pedali zangu zilitaka volti tisa, na hasi iwe katikati ya pini, wakati adapta nyingi madukani zina chanya katikati. Muuza duka akachoka nami: "Ba sister, ni cimo cine!" Yaani zote ni zilezile. Zilezile wapi? Ukikosea, pedali inaungua. Nikazisoma moja moja mpaka nikaipata, yenye nguvu ya kutosha pedali zote tatu.

Nilikuwa nimepiga magoti kanisani, nikipanga waya wa umeme mbali na waya wa gitaa, mwanamume akaingia. Alivaa shati la kijani, sare ambayo kwaya iliiacha kabla sijajiunga. Kwetu huingii kanisani bila kusema "Bwana asifiwe." Yeye hakusema. Nikasema mimi. Hakuitikia.

"Hiyo ni ndogo," akasema. "Chukua hii. Ndiyo ya solo."

Akaninyooshea adapta nyeusi. Nikaigeuza kutafuta maandishi. Karatasi yake ilikuwa imebanduliwa.

"Kaka, hasi iko wapi hapa?"

Akaitwaa, akaweka pini yake ulimini, vile tunavyoonja betri kujua kama ina moto. Niamini, ulimi ule ulikuwa mweusi kama mkaa. Na adapta haikuwa imechomekwa popote! Papo hapo taa za pedali zangu zikawaka, zote tatu, nami sijagusa soketi.

Ungekimbia? Hata mimi nilitaka. Lakini nikawaza kesho, nikawaza wanaume wakicheka, nikaikumbatia adapta yangu kifuani.

"Sichomeki nisichokisoma," nikamwambia. "Na hapa sitoki."

Akaniangalia kwa huzuni ambayo mpaka leo inanikosesha raha. "Mimi nilichomeka," akasema. Taa zikazimika. Shati la kijani halikuwepo tena, ila adapta yake ilibaki sakafuni, ya moto.

Jumapili nilipiga. Spika kimya, solo safi kabisa, akina mama wakapiga vigelegele. Baada ya ibada nikamwonyesha mzee Sichone ile adapta. Akakaa chini palepale, kwenye ngazi za kanisa.

"Umeitoa wapi?" akauliza. "Mpiga solo wetu wa zamani alikufa akitumia hii. Umeme ulipita mpaka kwenye nyuzi za gitaa. Tulimzika kwao Isongole, na hii niliifunga mwenyewe ndani ya shati lake."

Wazee wa kanisa waliirudisha kaburini kwa maombi. Solo bado ni langu, hakuna aliyeniuliza tena. Lakini Jumamosi nyingine, kabla sijachomeka, taa za pedali huwaka zenyewe. Nasema "Bwana asifiwe", nasubiri zizime, ndipo naendelea na kazi.

Wewe unayenisoma, soma na karatasi ya adapta yako. Na mtu akikupa iliyobanduliwa, hata awe na sare ya kwaya yenu, usiipokee kabla hajaitikia salamu.